Saa za Farasi Hupangwa na Visubi

Anayetaka kununua farasi katika nyanda za juu za Kenya au kaskazini mwa Tanzania huja kwangu na maswali yake tayari: bei ya matandiko, ukubwa wa uwanja wa mazoezi, na kama mtoto wa miaka saba anaweza kupanda. Kabla ya kuyajibu huwa namuuliza langu moja. Kila siku saa kumi na nusu alasiri, sikukuu na siku za mvua zikiwemo, nani atakuwa nyumbani? Baadhi hucheka. Lakini kuanzia chakula anachokula farasi usiku hadi tabia anayotoka nayo asubuhi, mambo mengi huku kwetu hutegemea jibu la swali hilo, na chanzo chake ni mdudu ambaye wenye farasi wengi hawajawahi kumtazama kwa karibu.

Mdudu huyo ni kisubi, wa kundi ambalo wataalamu huliita Culicoides. Urefu wake ni kati ya milimita 1 na 3, na matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu hayamzuii. Jike hunyonya damu. Akimnyonya mnyama mwenye virusi, siku kadhaa baadaye anaweza kuviingiza kwa mwingine, na ndivyo unavyosafiri ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi hawaambukizani kwa kugusana pua wala kwa kunywa ndoo moja. Bila mdudu wa kuubeba, ugonjwa haupiti.

Ukali wake si wa kawaida. Virusi vinaposhambulia mapafu, farasi hupandwa na homa, na baada ya siku moja au mbili pumzi yake inakuwa fupi. Hunyoosha shingo mbele, hutanua miguu ya mbele, jasho humtiririka, na povu jeupe huanza kutoka puani. Mishipa midogo imevuja, maji yamejaa mapafuni, na mnyama anazama akiwa amesimama nchi kavu. Wanaopata ugonjwa kwa namna hii hufa zaidi ya tisa katika kumi, wengine saa chache tu baada ya povu kuonekana. Ipo namna nyingine inayoshika moyo. Hiyo huenda polepole zaidi, na dalili yake utaiona bila kipimo chochote: yale mashimo mawili yaliyo juu ya macho ya farasi hujaa na kuvimba, kisha kope na mashavu hufuata. Hapo karibu nusu hufa. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo, kwa hiyo daktari akishaitwa kazi yake ni kupunguza mateso na kuusaidia mwili ujitetee.

Pundamilia huvibeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote, na punda mara chache sana huugua vibaya. Ndugu wawili wenyeji wa bara hili wamezoeana na ugonjwa. Farasi aliyeletwa kutoka mbali hana kinga hiyo. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa Zanj, yaani wa pwani hii, hawakuwa na farasi, na badala yake walipanda ng'ombe waliotiwa matandiko na hatamu. Hadi leo anayebeba mizigo katika vichochoro vya Lamu ni punda. Sidhani kwamba karne zote hizo watu wa pwani walikosa wa kuwauzia farasi, kwani majahazi kutoka Uarabuni yalikuja kila msimu. Mnyama mwenyewe hakudumu. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapandafarasi wa Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer walifika Kondoa Irangi huku farasi wao wakianguka njiani, na kabla ya mwaka kwisha jeshi hilo lilikuwa limepoteza farasi na nyumbu maelfu kwa maelfu katika ardhi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko sehemu kubwa ya lawama ni ya mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza, lakini ugonjwa huu nao ulichukua wake. Afrika Kusini kwenyewe mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000.

Asiione mtu kuwa ni hadithi za kale. Mwaka 1987 pundamilia waliotoka Namibia walipelekwa kwenye bustani ya wanyama karibu na Madrid, na Hispania ikahangaika na vifo vya farasi hadi 1990. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya Thailand, ambako walikufa mamia.

Sasa turudi kwenye saa kumi na nusu. Kisubi huruka kuanzia jua linapokaribia kuzama hadi baada ya kuchomoza, na hushamiri zaidi machweo na mapambazuko. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati moja: jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, basi ratiba haibadiliki. Kanuni tunayowapa wenye farasi ni kumwingiza bandani saa mbili kabla ya machweo na kumtoa saa mbili baada ya macheo, yaani kati ya saa kumi na nusu alasiri na saa mbili na nusu asubuhi. Saisi anayejua kazi hangoji giza. Akiona vivuli vimerefuka, ameshachukua kamba anaelekea malishoni.

Banda lenyewe liwe mahali palipoinuka, mbali na bwawa, kwa kuwa visubi huzaliana kwenye udongo wenye unyevu uliochanganyika na samadi. Bomba linalovuja kando ya birika la maji linatosha kuwalea. Mvua kubwa zinazofuata ukame mrefu ndizo za kuogopwa zaidi. Kisubi si mrukaji hodari, na upepo mdogo humshinda, hivyo feni ya kawaida iliyofungwa juu ya mlango hufanya kazi kubwa kuliko bei yake. Madirishani wekeni wavu wenye matundu madogo sana, au uliotiwa dawa za jamii ya pareto. (Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa kilimo cha pareto, na bado nakutana na mabanda yasiyo na hata tone lake.)

Kufikia hapo mwenye farasi hujiona amemaliza, na hapo ndipo matatizo ya aina nyingine huanza. Amemfungia saa 16 mnyama ambaye mwili wake umeumbwa kutafuna karibu saa hizohizo 16 kwa siku.

Tumbo la farasi ni dogo mno kwa mwili wake: mnyama wa kilo 450 ana tumbo lenye nafasi ya lita 8 hadi 15. Asidi humiminika ndani yake usiku na mchana, awe anakula au hali. Mate ndiyo yanayoizimua, na farasi hatoi mate ya maana isipokuwa anapotafuna. Mpe ndoo ya nafaka saa kumi na moja, ataimaliza kwa dakika ishirini, kisha atasimama hadi asubuhi asidi ikimla kuta za tumbo. Vidonda vya tumbo ni vingi kwa farasi wa mashindano, na utaratibu huu wa milo miwili mikubwa una mchango wake. Balaa kubwa zaidi ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo una nguvu kiasi kwamba gesi au chakula kikikwama hakina njia ya kurudi.

Kwa hiyo usiku wa farasi uwe wa nyasi. Huyo wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo apewe bandani. Nyasi aina ya Boma Rhodes iliyokatwa kabla haijakomaa sana inafaa. Itieni katika wavu wenye matundu madogo ili achomoe kidogokidogo, na mgawanye nyavu mbili, moja jioni na nyingine saa tatu au nne usiku mnapokwenda kulala. Nafaka isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja, na farasi wengi wanaopandwa mara tatu kwa wiki hawaihitaji kabisa. Maji ni lita 25 hadi 50 kwa siku, na ndoo moja ya lita 20 haimfikishi asubuhi. Robota likifunguliwa likatoa vumbi la ukungu, rudisheni kwa muuzaji, kwani ndani ya banda lililofungwa hilo vumbi linaishia mapafuni.

Anayelisha usiku aangalie pia mambo mawili. Kwanza mavi: banda lisilo na mavi mapya tangu jioni ni habari mbaya kuliko banda chafu. Pili, farasi mwenyewe: je, anageuka kutazama ubavu wake, anaparapara sakafu kwa ukwato, analala na kuinuka na kulala tena? Ondoeni chakula, mtembezeni polepole kama anakubali, na mwiteni daktari. Gusa mshipa ulio chini ya taya uhesabu mapigo. Farasi aliyetulia hupiga 28 hadi 44 kwa dakika, na yakizidi 60 msisubiri mapambazuko. Tafadhali msimnyweshe soda wala mafuta ya kupikia kama mlivyozoea kwa ng'ombe aliyevimba tumbo. Kile mnachommiminia mdomoni kwa nguvu kinaweza kuingia mapafuni, na hapo mtakuwa na wagonjwa wawili ndani ya mnyama mmoja. Kipimajoto nacho kisikauke kabatini. Joto la kawaida halizidi nyuzi 38.5, na homa hutangulia dalili nyingine za ugonjwa wa visubi.

Saa 16 bandani zina deni pia kwa kwato. Mkojo na mavi chini ya miguu huozesha ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya ukwato. Harufu yake ukishaikuta mara moja hutaisahau. Tandazeni maranda makavu, mzoe kila asubuhi, na mchokoe kwato zote nne kabla hajatoka. Namna ya kuinua mguu ni somo zima. Simama begani ukielekea mkiani, shusha kiganja kutoka bega hadi nyuma ya goti na kuendelea chini, ubane kidogo juu ya kifundo, na ngoja. Akihamisha uzito na kuuinua, upokee mguu chini kabisa, palepale aliponyanyua. Kuuvuta juu kama unang'oa mhogo kunamfanya apoteze mizani na kukunyang'anya. Kwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, na fundi wa kuzikata aje kila baada ya wiki sita hadi nane hata kama farasi havai chuma.

Kuna malalamiko ninayoyasikia kila mara: farasi ni mtulivu jioni, lakini asubuhi amekuwa mkaidi, anakataa mlango, na akishatoka anaruka. Ukaidi ni mdogo sana hapo. Macho ya farasi huchelewa kuzoea mwanga kuliko yetu, na mnamtoa gizani mkimtumbukiza katika jua la saa mbili na nusu. Mpe nusu dakika kizingitini. Halafu mwacheni malishoni saa nzima ajinyooshe kabla ya kumtia matandiko. Anayepanda moja kwa moja kutoka bandani asimlaumu mnyama anapojikuta mavumbini.

Hicho kizingiti ndipo mafunzo yanapoanzia, kabla ya hatamu na lijamu. Farasi akikusukuma ili atoke, usimpigie kelele. Mguse kifuani kwa kidole, ongeza nguvu kidogokidogo, na mara tu anaporudisha uzito nyuma, hata kabla hajainua mguu, ondoa mkono. Kile kitendo cha kuacha ndicho kinachomwambia amepatia. Mkono unaobana bila kuacha humfundisha kuuzoea, na ndivyo wanavyopatikana farasi wenye vinywa vigumu ambao wapandaji watatu wamekwisha kuwavuta. Wiki chache za kizingiti hufanya kazi ya miezi uwanjani.

Kwa wafanyabiashara wanaopandisha watalii ufukweni machweo, najua picha ya wakati huo ndiyo inayouza. Upepo wa baharini unawasaidia, lakini safari ya kurudi bandani kupitia mikoko na madimbwi haina upepo. Mimi ningeuza macheo yaliyochelewa, saa tatu asubuhi. Asiyeweza basi ampake farasi dawa ya kufukuza wadudu mwili mzima, tumbo na miguu vikiwemo, na asimfunge nje akisubiri wateja wa mwisho.

Chanjo ipo, inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, katika taasisi aliyoianzisha Arnold Theiler mwaka 1908. Virusi vina aina 9. Chanjo ina aina 7 zilizogawanywa katika chupa mbili, na mbili zilizobaki huzuiwa kwa kiasi na jamaa zao waliomo. Chupa ya pili hutolewa wiki tatu au zaidi baada ya ya kwanza, na utaratibu wote hurudiwa kila mwaka. Kwa kuwa virusi vilivyomo ni hai, ingawa vimedhoofishwa, farasi apumzishwe kazi nzito baada ya kila sindano. Farasi aliyechanjwa mara moja tu bado anaweza kuugua. Kinga huimarika mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hudai kitabu cha chanjo kabla ya kuangalia meno, na farasi wa miaka kumi na miwili mwenye mihuri ya kila mwaka huuzwa ghali kuliko kijana mzuri asiye na hata mmoja.