MBELE YA KUBADILISHA 4x4 YAKO, UJUE NINI INASHIKA GARI



Mutashangaa kuona ukurasa wa afya unasema juu ya ponti na kardani. Lakini gari ikimuangukia mutu aliye chini yake, analetwa kwetu dispanseri, si kwa mekanisiani. Ni heri tuseme mapema.

Siku hizi wengi kati yenu wamenunua gari kuukuu ya magurudumu manne, kwa ajili ya shamba ao kwa kazi ya nyuma ya pensheni. Katika garaje wanaambiwa: «Tutakufanyia 4x4 yako ifanye kazi kwa nyuma tu, utapunguza mazutu.» Kazi hiyo inawezekana, na inafanywa katika inchi nyingi. Lakini inabadilisha mambo ambayo shofere haoni kwa macho.

Magari ya namna mbili

Katika 4x4 ya siku zote, motere inasukuma magurudumu ya mbele na ya nyuma kila wakati. Range Rover iliyotoka mwaka 1970 ni ya namna hiyo, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 vilevile. Katikati ya gari kuna diferansieli ya tatu. Kazi yake ni kuacha kardani ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo usio sawa.

Katika 4x4 ya kuunganisha, motere inasukuma nyuma tu. Shofere akifika katika potopoto, anavuta manivela na kuunganisha mbele. Ndivyo zilivyo Land Rover za zamani na Land Cruiser nyingi za seria 70. Land Cruiser za seria 80 ziko za namna zote mbili: angalia yako mbele ya kusema.

Mekanisiani anafanya nini?

Anafungua bwate ya katikati, anaondoa ile diferansieli ao anaifunga kabisa kwa kipande cha chuma. Kisha anaweka vifungio katika vitovu vya magurudumu ya mbele, vile tunavyoita rulibre. Kifungio kikifunguliwa, gurudumu la mbele linazunguka peke yake. Kikifungwa, linashikwa na ponti.

Faida iko: kardani ya mbele inapumzika, na diferansieli iliyokwisha kuliwa haihitaji kununuliwa tena. Lakini mazutu unayookoa ni kidogo. Uzito wa gari ni ule ule, upepo ni ule ule. Na ukisahau kufungua rulibre, vyuma vya mbele vinaendelea kuzunguka, huokoi kitu.

Hatari ya kwanza: barabara kavu

Watu wawili wakitembea pamoja na kupita kona, yule wa inje anapiga hatua nyingi kuliko yule wa ndani. Gari ni vilevile: katika kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Diferansieli ya katikati ndiyo iliyokuwa inapatanisha. Sasa haiko tena.

Katika potopoto si kitu, maana mupira unateleza kidogo na vyuma vinapumua. Lakini juu ya lami, kama ile ya Lubumbashi kwenda Likasi, mupira hautelezi. Vyuma vinajisokota, volani inakuwa nzito, mipira inalia, manivela inakataa kutoka. Mwisho chuma kinavunjika. Kwa hiyo, ukiingia lami, ondoa 4x4. Manivela ikikataa, usiipige kwa nguvu: hakikisha hakuna mutu nyuma, rudisha gari nyuma metre chache kwa mustari ulionyoka, itaachia.

Hatari ya pili: muteremko wenye maji

Mbele ya kubadilisha, ulipoachilia mazutu katika muteremko, motere ilipunguza mwendo wa magurudumu manne. Sasa inapunguza ya nyuma mawili tu. Wakati wa mvua mkia wa gari unaweza kuteleza na gari kugeuka. Na katika karieri hata kiangazi ni hatari, sababu barabara zinamwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Funga rulibre na uunganishe 4x4 ukiwa juu, katika pahali tambarare, mbele ya kuanza kushuka. Usingoje katikati ya muteremko.

Hatari ya tatu, kubwa kupita zote: gari juu ya kriki

Soma hapa pole pole, na umusomee kijana anayekusaidia.

Katika Land Rover hizi, freni ya mukono haishiki magurudumu. Inashika kardani ya nyuma, pale inapotoka katika bwate. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa kriki, diferansieli ya nyuma inaliacha lizunguke upande mumoja, na lile lililo chini lizunguke upande mwingine. Gari inatembea, na freni ya mukono umeivuta!

Gari ilipokuwa ya siku zote, shofere mwenye akili alifunga diferansieli ya katikati, na magurudumu ya mbele yakasaidia kushika. Kisha kubadilisha, kama rulibre ziko wazi, mbele hakuna kinachoshika, hata ukiweka manivela katika 4x4. Shofere anafanya kama alivyozoea, lakini gari si ile aliyoizoea.

Land Cruiser freni yake ya mukono inashika magurudumu ya nyuma yenyewe. Lakini ukiinua nyuma yote, na mbele rulibre ziko wazi, gari imesimama juu ya magurudumu yasiyoshikwa na kitu.

Kuna pia wale wanaotoa kardani ya mbele na kusema kazi imekwisha. Kama diferansieli ya katikati haikufungwa, nguvu ya motere inapotea upande ule usio na kardani: gari haiendi, na vitesi ulivyoacha ndani havishiki gari kwenye mulima.

Shika amri hizi

1. Gari ya kampani usiibadilishe, hata kama bei ni ndogo. Pasha habari mukubwa wako wa kazi.
2. Gari yako mwenyewe, ipeleke kwa mekanisiani anayejua aina ile, na vipande vilivyotengenezwa kwa ajili yake.
3. Andika mbele ya shofere: «GARI HII IMEBADILISHWA». Muonyeshe kila mutu unayemuazima.
4. Mbele ya kuweka kriki: pahali tambarare, freni ya mukono, rulibre zimefungwa, manivela katika 4x4, vitesi ndani.
5. Weka vigingi, mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Jiwe la mviringo si kigingi.
6. Weka ubao munene chini ya kriki, udongo wetu ukilowa unazama.
7. Usiingie chini ya gari inayosimama kwa kriki tu. Weka vihimili vya chuma. Watoto wakae mbali.

Mutu akibanwa

Zuia gari kwanza, isitembee tena. Kisha inua pole pole na umutoe, bila kukawia. Anayesaidia bila kuzuia gari anaweza kuwa mugonjwa wa pili. Mutume mutu kuita ambulansi. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, usiachie. Kama mugongo ao shingo vimeumia, usimugeuze ovyo. Usimupe pombe wala chakula.

Angalia saa: alibanwa tangu wakati gani? Utuambie. Nyama ya muguu iliyokandamizwa muda murefu inaachia potasiamu na vitu vingine katika damu. Vinaweza kusimamisha moyo na kuharibu mafigo. Kwa hiyo, mutu akisema «nimepona, naenda nyumbani», mulete hospitali hata hivyo.

Na ninyi mama wa nyumba, jumapili mukiona baba anavuta kriki mbele ya nyumba, mumuulize neno moja: «Vigingi viko wapi?» Asipokuwa navyo, kazi ingoje. Gurudumu linaweza kungoja mpaka kesho.

KIGINGI KWANZA, KRIKI KISHA.