"Hatujauza, tumekodisha tu": UZI kuhusu Ukanda wa Mfereji wa Panama

1. Kila mjadala wa kukodisha bandari ama uwanja wa ndege ukianza hapa kwetu, sentensi mbili hazikosi. Mmoja anasema "nchi imeuzwa". Mwingine anajibu "hatujauza, tumekodisha tu". Wote wanapandwa na hasira, na mkataba wenyewe hakuna aliyeusoma. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuangalie Panama, nchi iliyoishi na hili swali karibu miaka 100.

2. Ramani kwanza. Panama ni ukanda mwembamba wa ardhi kati ya bahari mbili, Atlantiki na Pasifiki. Bila njia hapo, meli inazunguka Amerika Kusini yote. Wafaransa walianza kuchimba mfereji 1881. Malaria na homa ya manjano ziliua wafanyakazi kwa maelfu, na 1889 kampuni ikafilisika.

3. Wakati huo Panama ilikuwa sehemu ya Kolombia. Marekani ikataka kumalizia kazi, lakini Agosti 1903 Seneti ya Kolombia ikakataa mkataba. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Panama ikajitangazia uhuru, manowari ya Marekani ikiwa karibu. Siku 15 baadaye, mkataba mpya ulikuwa umetiwa sahihi.

4. Sasa uliza: nani alitia sahihi kwa niaba ya Panama? Mhandisi Mfaransa! Tena mwenye maslahi katika kampuni ya Kifaransa iliyotaka kuiuzia Marekani mali zake za mfereji. Wajumbe wa Panama wenyewe walikuwa bado njiani. Walipofika Washington wakakuta wino umeshakauka. Serikali changa kule nyumbani ikaidhinisha, maana iliogopa kwamba ikikataa, Marekani itaondoa ulinzi wake na Kolombia itarudi.

5. Mkataba ulisema nini? Marekani ipewe ukanda wa upana wa maili 10, yaani kilomita 16, kutoka bahari hadi bahari. Itumie mamlaka yote humo kana kwamba ndiyo mwenye nchi. Muda: milele. Malipo: dola milioni 10 mara moja, kisha dola 250,000 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa tisa. Kwa hivyo wanasheria waliweza kusema ardhi bado ni ya Panama. Kwa jina, ndiyo.

6. Lakini kwa maisha ya kila siku? Gavana aliteuliwa na Rais wa Marekani. Polisi wao, mahakama yao, posta yao, shule zao, hata maduka yao. Mpanama akivuka barabara na kuingia ukandani, anahukumiwa kwa sheria ambayo bunge lake halikuitunga. Waliochimba wengi walikuwa watu weusi kutoka Barbados na Jamaika. Orodha ya mishahara iligawanywa mara mbili: ya "dhahabu" hasa kwa Wamarekani weupe, na ya "fedha" kwa hao wengine. Nyumba na mahali pa kula pia vilitengwa hivyo.

7. Tusidanganyane, upande wa pili pia una hoja. Panama haikuwa na pesa wala mitambo ya kujenga mfereji wa kilomita 80. Marekani iliujenga, ikapambana na mbu, na tarehe 15 Agosti 1914 ukafunguliwa. Faida ilikuwepo. Ugomvi ulikuwa: nani anaamua, na hadi lini?

8. Januari 1964 ugomvi ukalipuka. Ilikuwa imekubaliwa kwamba bendera zote mbili zipepee pamoja ukandani. Wanafunzi Wamarekani wa shule moja ya upili wakapandisha yao peke yake. Wanafunzi wa Panama wakaja na yao, kukatokea vurugu, ya Panama ikararuka. Siku zilizofuata watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wao Wapanama. Tarehe 9 Januari ni Siku ya Mashahidi huko mpaka leo.

9. Baada ya hapo mazungumzo hayakuepukika. Mikataba mipya ilitiwa sahihi 1977, na Wapanama safari hii wakapiga kura ya maoni. Ukanda ukafutwa 1979, na adhuhuri ya 31 Desemba 1999 mfereji wenyewe ukakabidhiwa. Kuna waliosema Panama haitauweza. Imeuendesha, na 2016 ikafungua milango mipya ya kupitisha meli kubwa zaidi.

10. Unadhani hayo ni ya mbali? Pwani yetu pia ilikuwa na maili 10 zake. 1895 Waingereza walichukua usimamizi wa ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya kila mwaka. Bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus, lakini aliyetawala ni Mwingereza. Wenyeji hawakuulizwa. Ilibidi makubaliano mengine ya 1963 ndipo ukanda ukaingia Kenya huru.

11. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni kukodisha tu", usimrushie matusi. Muulize haya manne:
– Nani anatia sahihi, na anapata nini yeye binafsi?
– Ni miaka mingapi?
– Kukiwa na kesi, inaamuliwa kwa sheria ya nani?
– Tukitaka kutoka, tunatoka vipi na kwa gharama gani?

12. Kukodisha kunaweza kuwa jambo zuri. Mwenye nyumba hukodisha na bado nyumba ni yake, kwa sababu siku ya mwisho inajulikana na funguo zitarudi. Wapanama walikosa hilo 1903, na kulipata kukawachukua miaka 96. Mkataba ukitolewa hadharani, mimi huanza na kipengele cha muda, halafu ndiyo naangalia bei. Nawe?