Uzi: "Wako chuo na Kizungu kimewashinda"

1/ Siasa zikipamba moto hapa Voi, lazima mtu ashike maiki aseme vijana wetu wako chuo kikuu na Kizungu kimewashinda. Umati unacheka. Nilikuwa mmoja wa hao vijana, kwa hivyo wacha nieleze.

2/ Nimelelewa upande wa Wundanyi. Nyumbani ni Kidawida, Kiswahili nilikizoea nikishuka Voi. Kizungu kilikuwa cha darasani tu, na ukiteleza ukaongea Kidawida unavishwa diski shingoni hadi umnase mwenzako. Tulichojifunza zaidi ni kunyamaza.

3/ Mwaka wa kwanza chuoni (mbali na nyumbani, jina tuliache) nikasimama kueleza kazi yangu. Nikasema "my mother, he". Darasa likaangua kicheko, na muhula mzima sikuinua mkono tena. Lakini hebu fikiria: kwa Kiswahili "anapika" ni mama au baba, na Kidawida ni hivyo hivyo. Ulimi unapita njia unayoijua.

4/ Na kuongea ndiyo sehemu nyepesi. Kilichoniangusha ni karatasi ya mtihani. Swali lilituambia "account for" mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko. Nikaona "account", nikaanza kutafuta namba za kupigia hesabu! Sababu zenyewe nilizijua vizuri, maana kwetu milimani mvua ikinyesha udongo unashuka ukiuona. Nilipata alama 4 kwa 20.

5/ Sera inasemaje? Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, darasa la 1 hadi la 3 wanafaa kufundishwa kwa lugha ya eneo, halafu Kizungu kichukue usukani. Mjini kama Voi, ambako makabila yamechanganyika, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, ya pili inapata pa kukaa. Shule nyingi huruka hatua hiyo, na sisi wazazi tunashangilia mtoto wa chekechea akihesabu kwa Kizungu. (Mimi pia, msinicheke.)

6/ Sasa siasa inaingia hapa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa vyuo vikuu, shule za msingi na za upili. Kaunti ikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hata Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016, hakiko chini ya kaunti, ingawa kiko hapa hapa. Anayetaka kiti cha kaunti akiahidi kunyoosha Kizungu cha wanachuo, anaahidi kazi ya mwenyewe mwingine.

7/ Kazi yake ni yule mtoto wa miaka 4. Akija kwenu Mwatate, Taveta au Kasighau, mwulize chekechea ya hapo ina walimu wangapi, na vitabu vingapi vya Kidawida, Kitaveta au Kiswahili. Akijibu kwa Kizungu, mwambie arudie.