Saa Iliyobabuka Ndiyo Yenye Bei

Mwaka 1977, chini kidogo ya kuta za Fort Jesus mjini Mombasa, wazamiaji walianza kuifukua Santo António de Tanna, manowari ya Kireno iliyozama Oktoba 1697 ilipokuja kuiokoa ngome iliyozingirwa na Waomani. Kazi hiyo, ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya Kimarekani ya akiolojia ya baharini, iliendelea hadi 1980. Kompyuta za kuzamia zilikuwa hazijaenea. Mzamiaji wa enzi hiyo aliutazama mkono wake. Kabla ya kushuka alizungusha pete ya saa mpaka alama yake ikakaa sawa na akrabu ya dakika, na tangu hapo pete ikamhesabia muda. Akikosea, hewa ingemwishia, au angepanda akaugua.

Saa hizo za kuzamia, zilizokuwa vifaa vya kazi, sasa zinasakwa duniani kote. Za kisasa zilianza 1953, Blancpain ilipotengeneza Fifty Fathoms kwa mahitaji ya wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa, na Rolex ikaja na Submariner wakati huohuo. Seiko ya Japani ilifuata 1965. Juni 2018, Submariner ya aina ya 6538 ilivuka dola milioni 1 kwenye mnada wa Christie's mjini New York. Hiyo ni nadra mno. Zilizo nyingi zaidi, kama Seiko 6309 iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1988, huuzwa kwa mamia ya dola, na hizo ndizo mtu wa kawaida wa Mombasa anaweza kuzikuta kwenye sanduku la marehemu babu aliyekuwa baharia.

Akiikuta, aigeuze. Mgongoni mwa Seiko ya miaka hiyo mna nambari ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. 6309 ambayo nambari hiyo inaanza na 13 ilitoka kiwandani Machi 1981. Ikianza na 7, mwenyewe atafute zaidi, kwani yaweza kuwa ya 1977 au ya 1987.

Akishaujua mwaka wake, asikimbilie kuing'arisha, kwani hapo ndipo mapenzi ya usafi yanapoleta hasara. Fundi saa mwenye meza yake barabarani amezoea kusifiwa kwa kuirudisha saa ikiwa inameta: hupiga msasa, hubadilisha kioo, huupaka uso rangi upya. Mteja hufurahi. Mkusanyaji huondoka. Anachotaka yeye ni kingo za chuma zilivyokatwa kiwandani, akrabu zilezile za mwanzo, na rangi ya kung'aa gizani hata kama imegeuka njano kama samli. Tena kuna nyuso nyeusi zilizobabuliwa na jua na unyevu mpaka zikawa za hudhurungi. Wakusanyaji huziita nyuso za tropiki na huzilipia zaidi. Jua la namna hiyo Mombasa hailiombi. Limejaa tele, na uso ambao jirani angeuita umeharibika huenda ndio wenye thamani kuliko sehemu nyingine zote za saa.

Upande wa pili wa bahari kuna mfano mzuri zaidi, na familia nyingi za Mji wa Kale zina jamaa Maskati. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, Oman iliagiza Rolex za zawadi kupitia duka la Asprey la London, zikiwemo Submariner na Sea-Dweller, zikiwa na nembo ya jambia. Nembo hiyo ndogo ndiyo inayopandisha bei. Aliyepeleka yake kwa matengenezo akabadilishiwa uso, alirudishiwa saa safi, akapoteza mali.

Kwa mwenye kuuza, sheria haimzuii. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu kuwa vya kale vitu vya kabla ya 1895. Kwa mnunuzi, hatari ni feki. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini kinga ya kweli ni kuifungua saa mbele ya fundi kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwani jina la usoni huigwa kwa urahisi kuliko mashine iliyo ndani.

Chumvi nayo haisamehi. Raba za kuzuia maji huoza kwa miaka, kwa hiyo saa ya 1970 isioge tena baharini hata kama imeandikwa mita 150. Nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, ambayo bado ina mionzi. Fundi asiikwangue wala asilipulize vumbi lake. Na akiagizwa kusafisha mashine, aambiwe mapema: uso usiguswe, na kila kipande kitakachotolewa, hata kioo kilichopasuka, kirudishwe ndani ya bahasha pamoja na saa.