Fasili na Sentensi ya Mfano katika Ujifunzaji wa Msamiati wa Juu wa Kiingereza: Mtazamo wa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia aingiapo sekondari, na msamiati anaodaiwa kuanzia hapo haumo katika mazungumzo yake ya kila siku. Huupata vitabuni, na usipomwelea huenda kwenye kamusi. Makala haya yanahusu kile anachokikuta huko: fasili, kisawe cha Kiswahili na, pengine, sentensi ya mfano. Hoja yangu ni kwamba sentensi ya mfano si pambo la fasili. Katika msamiati wa juu, hiyo ndiyo hubeba sehemu ya maana ambayo fasili na kisawe haviwezi kuibeba, mradi iwe imeteuliwa kwa kusudi hilo.

Udhaifu wa fasili ulitambuliwa zamani. Fasili ikitumia maneno magumu kuliko kidahizo chenyewe, mjifunzaji huingia na swali moja akatoka na mawili. Michael West, aliyefundisha Kiingereza Bengal, alilishughulikia tatizo hilo katika New Method English Dictionary ya mwaka 1935, aliyoiandaa pamoja na J. G. Endicott, kwa kutumia maneno 1,490 tu katika fasili zake. Kamusi ya wajifunzaji ya Longman ya mwaka 1978 ilifuata njia hiyo kwa maneno yapatayo 2,000. Faida yake haina ubishi. Hasara yake haisemwi sana: maneno machache yakilazimishwa kufasili maelfu, vidahizo vinavyokaribiana kimaana huishia kufanana. Anayesita, asiyetaka na anayekataa huwa karibu mtu yule yule.

Tuchukue kivumishi “reluctant”. Kisawe ambacho humjia mtu haraka ni “-siotaka” au “-siopenda”. Lakini asiyetaka kulipa huenda asilipe kabisa, ilhali aliye “reluctant” mara nyingi hulipa, ila moyo wake umebaki nyuma. Sasa tutazame sentensi “He was reluctant to leave”. Ni fupi, ni sahihi kisarufi, na inaonesha kwamba kivumishi hiki hufuatwa na kitenzi-jina. Kimaana, hata hivyo, haifundishi kitu. Ondoa neno hilo, na katika pengo yataingia bila kipingamizi “happy”, “afraid”, “ready” na “eager”, maneno ambayo baadhi yake ni kinyume chake. Linganisha na “She was reluctant to lend him the money, but in the end she gave him half of it”. Hapa “eager” na “happy” hayaingii tena, kwa sababu sehemu ya pili ya sentensi inayakataa. “Afraid” bado linaingia, nami sidai kwamba sentensi moja inaweza kufunga kila mlango. Jaribio hili la pengo ni rahisi, na mwalimu anaweza kulifanya ubaoni kabla ya kuuamini mfano wowote wa kamusi.

Kuna sehemu nyingine ya maana inayojificha zaidi, nayo ni maneno ambayo neno huandamana nayo. Kitenzi “commit”, katika maana yake ya kufanya, huelekea kupewa kisawe “tenda”. Lakini Kiswahili kinatenda dhambi na kinatenda wema; methali yetu yenyewe inatuambia tutende wema twende zetu. “Commit”, kwa maana hiyo, haliandamani na wema. Huandamana na uhalifu, dhambi, makosa na kujiua. Mwanafunzi anayeandika “commit a good deed” hajakosea kuisoma kamusi yake. Ameisoma vizuri mno. Kisawe kimempa tendo, kikamnyima hukumu inayoambatana na tendo hilo. Mifano miwili mitatu yenye nomino tofauti, zote za upande mmoja, ingemwonesha anachokosa bila maelezo marefu.

Sarufi nayo huingia kwa mlango huo huo. Aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wetu amekutana na “explain me” mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Chanzo chake kimo katika Kiswahili: kauli ya kutendea humruhusu anayefafanuliwa kukaa ndani ya kitenzi, “nifafanulie”, bila kihusishi chochote. A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, aliliona tatizo la aina hii kwa wanafunzi wake, na kamusi aliyoitoa huko na wenzake mwaka 1942 ilivipanga vitenzi kwa ruwaza 25. Kwa uzoefu wangu, wanafunzi huziruka alama za ruwaza. Mfano hawauruki.

Je, mfano utungwe au utolewe katika matini halisi? Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyoandaliwa chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ilisimamia matini halisi zilizohifadhiwa katika kompyuta. Laufer (1992) alilinganisha aina hizo mbili na kubaini kwamba mifano iliyotungwa na wanaleksikografia iliwasaidia zaidi wajifunzaji kuyaelewa maneno mapya. Naelekea upande wake kwa mjifunzaji wa sekondari, kwa kuwa sentensi iliyong’olewa katika gazeti la London huja na majina na mambo yasiyojulikana kwake. Lakini mtungaji asiye na matini mbele yake asingeweza kuona kwa uhakika ni nomino zipi huandamana na “commit”. Matini yamwoneshe; kisha yeye atunge.

COBUILD ilileta jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi, yaani fasili iliyo sentensi kamili, inayokiweka kidahizo katika mazingira yake ya kawaida. Kiswahili kina nyenzo tayari kwa kazi hiyo, kiambishi -ki- cha masharti. Turudi kwenye “reluctant”. Mtunzi wa kamusi thaniya hutafuta kivumishi mkabala na kivumishi, na kwa kuwa vivumishi vyetu ni vichache, hujikuta na “-siotaka”. Wakati huohuo lugha ina msemo unaolingana na maana ile kwa karibu sana, “shingo upande”, ila hutumika kama kielezi na kwa hiyo haufiki kwenye kidahizo. Kidahizo hicho kingeweza kuandikwa hivi: *Mtu akiwa “reluctant” kufanya jambo, hulifanya shingo upande, au huchelewa kulifanya, kwa kuwa moyo wake haujaridhia.* Kisha ifuate ile sentensi ya fedha za mkopo pamoja na tafsiri yake: *Alisita kumkopesha zile fedha, lakini mwishowe alimpa nusu yake, shingo upande.* Katika tafsiri hiyo kivumishi kimoja cha Kiingereza kimegawanyika kuwa kitenzi na kielezi.