Kiungulia Kisichoisha: Je, Ni Lazima Kupasuliwa?

Kiungulia ni moto unaopanda kutoka tumboni hadi kifuani. Wengi wetu hukipata siku moja moja, kisha huondoka. Lakini mzee mmoja alikuja zahanati akiwa nacho kwa miaka. Usiku alilala ameketi. Majirani walisema amerogwa.

Huo haukuwa uchawi. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Kiwambo kina tundu la kupitisha umio, yaani njia ya chakula. Tundu hilo likilegea, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupanda kifuani. Hiyo ndiyo ngiri ya kiwambo. Ndipo tindikali inayosaga chakula hupanda kwa urahisi na kuunguza umio.

Kwanza fanya haya:

1. Kula kidogo kidogo. Baada ya kula, ngoja muda wa saa tatu ndipo ulale.
2. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani.
3. Acha tumbaku na pombe.
4. Meza dawa kama ulivyoagizwa.

Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Wanaopasuliwa ni wale ambao dawa hazikuwatosha, au wenye ngiri kubwa. Daktari humpa mgonjwa dawa ya usingizi. Huurudisha mfuko wa chakula chini na kushona tundu lipungue. Kisha huzungusha sehemu ya juu ya mfuko huo kwenye mwisho wa umio, kama kitambaa shingoni. Njia hii ilianzishwa na Dakta Rudolf Nissen huko Basel, Uswisi, mwaka 1955. Moyo haukatwi. Baadaye mgonjwa hula vyakula laini kwa wiki kadhaa, wala habebi mizigo mizito. Baadhi yao huhitaji dawa tena baada ya miaka.

Tahadhari! Ukishindwa kumeza, ukikonda, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali upesi. Huenda ni kidonda au saratani. Kifua kikibana pamoja na jasho jingi, huenda ni moyo. Usingoje.

Yule mzee aliogopa kisu, ndiyo maana alikawia. Nilimchorea mfuko wa chakula mchangani, akaelewa, akaenda hospitali. Alipimwa kwa mpira mwembamba wenye taa. Akapewa dawa tu, hakupasuliwa. Sasa analala kitandani kama watu wengine.