Njia Isiyopitwa Huota Majani: Mwendo wa Damu Katika Mshipa wa Kupandikiza

Mwaka 1967, René Favaloro, daktari mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, alichukua kipande cha vena kutoka mguuni mwa mgonjwa na kukitumia kuipatia damu njia mpya pale ateri ya moyo ilipokuwa imeziba. Upasuaji wa namna hiyo umekwisha kuokoa maisha ya watu wengi duniani. Hata hivyo, wako wagonjwa wanaodhani kwamba njia ya mchepuko ikishajengwa, kazi imekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari, maana uhai wa mshipa mpya hutegemea jinsi damu inavyopita ndani yake.

Damu hailingani na maji. Karibu asilimia 45 ya ujazo wake ni chembe nyekundu, na mnato wake, yaani ule uzito unaozuia kimiminiko kutiririka, ni kama mara 3 hadi 4 ya ule wa maji. Tena mnato huo hubadilika. Damu iendapo kasi, chembe hujipanga na kupita kwa wepesi. Iendapo polepole, chembe hushikana kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na damu huzidi kuwa nzito.

Katika miaka ya 1840, mganga Mfaransa Jean Poiseuille alieleza kuwa upana wa mrija ndio unaotawala zaidi kiasi kinachopita: mrija ukipungua upana kwa nusu, shinikizo likiwa lilelile, kinachopita hubaki sehemu 1 tu ya 16. Kwa hesabu hiyo, mtu angeweza kusema kuwa mshipa mpana ndio bora sikuzote. La hasha! Ateri za moyo zina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi, na vena ya mguuni mara nyingi huzipita. Damu ikiingia mahali papana hupunguza mwendo. Ikifika kwenye kiungo, hulazimika kuingia ghafula katika njia nyembamba, ikapiga ukuta na kufanya mizunguko midogo.

Hapo ndipo shida inapoanza. Ukuta wa mshipa ni nyama hai inayohisi msuguano wa damu. Mkondo wa kasi na ulionyooka huufanya utoe kemikali inayoulegeza mshipa na kuzuia chembe za kugandisha damu zisinate. Mkondo ukizubaa au ukienda mbele na nyuma, chembe za ukuta huongezeka, ukuta hunenepa, na njia hufinyika.

Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji hupendelea, inapowezekana, kutumia ateri ya ndani ya kifua, ambayo upana wake unakaribiana na ule wa ateri za moyo, na ukuta wake umekwisha kuzoea shinikizo kubwa. Baada ya miaka 10, zaidi ya 90 kati ya 100 za ateri hizo huwa zingali wazi, ilhali vena ni kama 50 hadi 60 tu. Lakini hata ateri hiyo huweza kusinyaa ikiwa njia ya zamani haikuwa imefinyika sana, kwa kuwa damu hugawanyika kati ya njia mbili. Njia isiyopitwa huota majani.

Basi mgonjwa naye ana wajibu wake. Uvutaji wa sigara huongeza chembe nyekundu na kuizidishia damu mnato. Upungufu wa maji mwilini nao huifanya damu kuwa nzito. Aspirini, ambayo watu husema hufanya damu iwe nyepesi, haipunguzi mnato. Huzuia tu chembe za kugandisha zisishikane, na kwa hiyo haifai kuachwa bila amri ya daktari. Daktari amefungua njia. Kuitunza ni kazi ya kila siku ya mwenye moyo wake.